Mkanda mpya, mlio uleule: anza na puli

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kahawa West, mwalimu anayeendesha Toyota Premio ya mwaka 2005 yenye injini ya 1ZZ. Anasema gari likiwashwa alfajiri hulia "wiiii" hadi majirani wanafungua madirisha, na mvua ikiwa imenyesha usiku mlio huwa mbaya zaidi. Mkanda umebadilishwa mara mbili ndani ya miezi minane. Kila mara kelele hunyamaza wiki moja au mbili, kisha inarudi. Makanika wa mwisho aliusugua mkanda kwa kipande cha sabuni akamwambia aendelee na safari. Anauliza ugonjwa wenyewe ni upi, na kama yeye na mdogo wake wanaweza kulitengeneza gari plotini kwao, kwa seti ya spana na jeki walizo nazo.

Dada yangu, mkanda uliobadilishwa mara mbili na bado unalia hauna hatia. Mkanda ndio unaosikika, lakini kinachoufanya ulie ni kitu kingine: puli (gurudumu dogo ambalo mkanda hupita juu yake) iliyolika, beringi iliyoishiwa grisi, tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) iliyolegea, au oili inayoudondokea kutoka juu. Kuweka mkanda mpya juu ya puli mbovu ni kubadilisha soksi na kuacha msumari ndani ya kiatu. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja ya mkanda wa tatu, tumtafute mkosaji.

Na ndiyo, sehemu kubwa ya kazi hii mnaiweza nyumbani. Kupima, kuvua mkanda, kukagua puli zote, kusafisha na kurudisha mkanda, hayo ni ya asubuhi moja ya Jumamosi. Ikigundulika kwamba tenshena nzima imekufa, hapo nitakuomba umwite fundi, na sababu nitaieleza nikifika huko.

Kwanza ujue mkanda huo unabeba nini. Kwenye injini yako ni mmoja tu, na unazungusha kila kitu: altaneta inayochaji betri, wotapampu inayosukuma maji ya kupoza injini, pampu ya stelingi, na kompresa ya AC. Ukikatika ukiwa Thika Road, taa ya betri itawaka kwenye dashibodi, stelingi itakuwa nzito ghafla, na dakika chache baadaye mshale wa joto utaanza kupanda. Hapo ni kusimama pembeni na kuzima injini papo hapo. Usijaribu kufika kwanza Roysambu au Githurai, kwa sababu maji hayazunguki tena na silinda hedi inaweza kupinda. Jambo moja la kukutuliza: 1ZZ hutumia mnyororo wa taimingi, ule wa ndani unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, si mkanda, kwa hiyo mkanda huu wa nje ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Wengi huchanganya mikanda hii miwili na kutishana bure.

Sasa sikiliza mlio wenyewe, maana sauti inasema mengi. "Wiiii" ndefu inayokuja unapowasha gari au unapokata kona kali ni mkanda unaoteleza: puli inataka kuzunguka, mkanda haushiki. "Chwi, chwi, chwi" fupifupi inayofuata mwendo wa injini mara nyingi ni puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, au mkanda wenyewe umeharibika mmoja wa mistari yake, yaani yale matuta marefu yanayoingia kwenye mifereji ya puli. Na ukisikia mkwaruzo wa "grrr" usiokoma, unaopanda injini ikipanda, huo si mkanda kabisa, ni beringi. Wewe umeniandikia "wiiii" ya alfajiri. Hiyo inaeleweka: Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, asubuhi zetu za Julai ni baridi na zenye unyevu, betri imetumika kuwasha injini baridi, na altaneta inadai nguvu nyingi ili kuijaza. Mzigo ni mkubwa wakati huohuo mkanda una umande. Mkanda wenye mvutano mzuri hustahimili hali hiyo. Wako haustahimili, basi shaka yangu ya kwanza inaangukia tenshena na puli yake.

Lakini shaka haitoshi, tupime. Chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia nguo pasi. Gari likiwa limesimama, breki ya mkono juu, giya kwenye P, injini ikinguruma polepole na mlio ukiwa upo, nyunyiza maji safi kidogo tu kwenye upande wa mkanda wenye mistari. Simama mbali kiasi, mikono ya nguo imekunjwa, shuka au leso imefungwa isining'inie, nywele zimefungwa, na watoto wawe ndani ya nyumba. Usiilenge altaneta. Kelele ikizidi ulipomwaga maji, mkanda unateleza, yaani mvutano ni mdogo. Kelele ikipotea kwa muda halafu ikarudi maji yanapokauka, tazama mpangilio wa puli na uso wa mkanda. Kelele isipobadilika hata kidogo, fikiria beringi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na nashangaa ni gereji ngapi mjini huuza mkanda bila kukifanya.

Ongeza kingine: washa taa kubwa, feni ya ndani na kiyeyusha ukungu cha kioo cha nyuma kwa pamoja. Kelele ikipanda, mzigo wa altaneta unauzidi mkanda nguvu. Zima vyote, kisha washa AC peke yake. Kelele ikianza palepale unaposikia kompresa ikidaka kwa "tak", umepata pa kuangalia. Halafu zungusha stelingi hadi mwisho kwa sekunde moja tu na uirudishe; kelele ikipanda hapo, mzigo wa pampu ya stelingi ndio unaouzidi mkanda.

Baada ya hapo zima injini na uiache ipoe kabisa. Toa waya wa hasi wa betri. Kwenye Premio yako mkanda uko upande wa kulia, upande wa dereva, umebanwa kati ya injini na ubavu wa gari. Unaweza kuufikia kutoka juu, ila kuona vizuri ni lazima utoe gurudumu la mbele la kulia na plastiki ya kuzuia matope iliyo nyuma yake. Hapa nasisitiza: jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Weka stendi ya chuma chini ya mahali pa kuinulia, na magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. Nimeona magari mengi plotini yamekaa juu ya mawe ya kujengea na matofali. Jiwe la kujengea hupasuka bila onyo, na anayelala chini ya gari hana nafasi ya pili. Kama huna stendi, azima au nunua kabla ya kazi kuanza.

Kabla hujagusa mkanda, piga picha kwa simu njia yake yote, kutoka juu na kutoka pembeni. Mdogo wako achore pia kwenye karatasi: puli gani inaguswa na mgongo laini na ipi inaguswa na mistari. Mkanda ukishatoka, njia iliyoonekana wazi hugeuka fumbo.

Tenshena ya 1ZZ ina kichwa cha spana namba 19. Tumia spana ndefu, igeuze tenshena taratibu upande wa kulegeza mkanda, na mwenzako achomoe mkanda kwenye puli ya juu. Sikiliza mkono wako unapoigeuza. Ndani ya tenshena hii mna silinda ndogo yenye mafuta, kwa hiyo nzima husogea kwa uzito, polepole, na hurudi polepole. Ikisogea kwa wepesi kama haina kitu ndani, ikirudi kwa kuruka, au ukiona silinda imelowa mafuta, basi umempata mkosaji. Dalili nyingine ungeiona kabla ya kuzima injini: mkono wa tenshena unaotetemeka sana injini ikiwa polepole haufanyi kazi yake.

Mkanda umetoka. Sasa ndiyo saa yenye faida kuliko zote, na ningependa usiiharakishe. Zungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya nyingine, simu zimezimwa na redio imezimwa.

Anza na puli ya tenshena. Beringi nzima huzunguka kwa ulaini, ina uzito kidogo wa grisi, haitoi sauti, na husimama yenyewe baada ya muda mfupi. Ikizunguka muda mrefu kwa mluzi mkavu wa "shhhh", usidhani ni nzuri kwa sababu ni nyepesi: grisi imeisha. Ukihisi chembe kama mchanga chini ya vidole, imekwisha zaidi. Kisha ishike puli juu na chini uitikise. Ikicheza hata kidogo, mkanda unapita juu yake kwa upande, mistari inaliwa, na hata mkanda wa bei ghali hautadumu. Tazama pia uso wake. Puli inayoguswa na mgongo wa mkanda inapaswa kuwa bapa. Ukiona katikati pamezama na kingo zimesimama, au chuma kimeng'aa sehemu moja na kushika kutu nyingine, haifai tena.

Nenda kwa altaneta: inazunguka kwa wepesi, bila mkwaruzo. Puli ya kompresa huzunguka peke yake huku sahani ya mbele ikibaki imesimama, ndivyo ilivyo wakati AC imezimwa. Pampu ya stelingi ni nzito kidogo, hiyo ni kawaida. Kwenye wotapampu tafuta mtikisiko, halafu ulete tochi na uangalie chini yake. Kuna tundu dogo ambalo maji ya kupoza hutokea sili ya ndani ikianza kufa. Ukikuta ukoko mkavu wa rangi ya waridi au nyekundu umeteremka kutoka tunduni, wotapampu inakuaga, na huenda ndiyo iliyokuwa ikiulowesha mkanda wako. Mwisho tazama puli kubwa ya krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini unaouzungusha mkanda. Kati ya ukingo wake na kitovu kuna mpira. Mpira ukiwa umechanika au umejisukuma nje, ukingo huyumba na mkanda huyumba nao.

Kwenye puli zenye mifereji, pitisha ukucha ndani ya kila mfereji. Kuta zinapaswa kuwa zimenyooka kama herufi V. Zikiwa zimechimbika na kung'aa, mkanda huzama ndani zaidi ya kipimo, mistari yake hugusa chini badala ya kubana pembeni, na kubana pembeni ndiko kunakoupa mkanda nguvu ya kushika. Hapa Nairobi kuna jambo la ziada. Matope ya barabara zetu hukauka ndani ya mifereji hiyo yakawa magumu kama simenti, na ukiishi Kahawa, Ruai au Utawala umeyaona. Yakwangue kwa brashi ya nailoni, si kwa bisibisi inayoacha alama, kisha osha kwa dawa ya kusafishia breki na uache pakauke.

Mkanda wenyewe pia usomwe, hata kama umekaa miezi michache tu. Mikanda ya zamani ilipochoka ilipasuka, kila mtu akaona. Ya sasa hutengenezwa kwa EPDM, mpira wa sintetiki ambao hauonyeshi nyufa upesi, bali hulika polepole kama tairi. Mkanda unaweza kukosa ufa hata mmoja na bado uwe umekwisha. Ukunje mistari ikiwa nje: ukikuta imetandazika, uso unang'aa kama kioo, au mstari mmoja wa pembeni umechunika, uache. Mstari wa pembeni uliochunika unakuambia kwamba puli fulani imepinda. Na mkanda ukiwa na harufu ya oili au utelezi, angalia juu: gasketi ya kifuniko cha valvu na mabomba ya stelingi ndiyo hudondokea huko. Oili hulainisha mpira hadi ukavimba. Usiuoshe mkanda uliokunywa oili ukaurudisha, ziba uvujaji kwanza kisha weka mpya.

Kuhusu ile sabuni. Sabuni, mshumaa, grisi, zile dawa za kupulizia za kunyamazisha mkanda, zote huficha mlio kwa siku chache huku zikikusanya vumbi. Vumbi la Nairobi likichanganyika na sabuni ni msasa, na msasa huo unazila puli ulizobaki nazo. Ilikunyamazishia dalili, ikakuongezea ugonjwa.

Tuseme basi umekuta puli ya tenshena inapiga mluzi lakini silinda bado ina uzito. Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua puli mpya, ya pili ni kubadilisha beringi peke yake. Ya pili ni ya heshima kabisa, na mafundi wa Kirinyaga Road, tuliyozoea kuiita Grogan, huifanya kila siku. Namba ya beringi imeandikwa kwenye ubavu wake. Ukisoma 6203, kwa mfano, ni beringi ya tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12. Herufi baada ya namba ndizo watu huzidharau: 2RS maana yake ina sili za mpira pande zote mbili, ZZ ina vifuniko vya chuma tu. Kwa mahali panaporushiwa matope na maji kama hapa, dai 2RS. Ukiona na C3, ni nafasi ya ziada ya ndani kwa ajili ya joto, nayo inafaa kwenye injini.

Usinunue ya bei ya chini kabisa dukani, na hesabu yenyewe ni hii: puli ya krenkishafti ikiwa na kipenyo mara mbili ya puli ya tenshena, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika beringi ile ndogo inazunguka mara 6,000. Beringi ya kiti cha magurudumu au ya mkokoteni yenye vipimo hivyohivyo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Wakati wa kuiingiza, mwambie fundi aibane kwa presi, nguvu ikiingilia kwenye duara la nje linalogusa puli. Akiigonga kwa nyundo kwenye duara la ndani, mipira hutia alama kwenye njia yake na mluzi utaanza kabla hujafika nyumbani. Simama hapo uone. Na mkiwa mnaifungua bolti ya puli yoyote, hakikisheni kwanza uzi unakwenda upande gani, kwani baadhi ya puli hutumia uzi wa kinyume, na nguvu ya upande usio sahihi huvunja kichwa.

Tenshena yenyewe ikiwa imekufa, usiinunue iliyotumika, hata ukionyeshwa rafu nzima za eksijapani zinazong'aa. Silinda yake ina umri usiojulikana, na utalipia kazi mara mbili. Chukua mpya. Na ndipo ninapokuomba umwite fundi: kwenye 1ZZ bolti moja ndefu ya tenshena haitoki hadi maunti ya injini ya upande huo (kishikio kinachoifunga injini kwenye bodi ya gari) iondolewe, na injini ishikiliwe kwa jeki kutoka chini ikiwa na ubao juu ya jeki. Hiyo si kazi ya kujifunzia plotini. Mwambie fundi mapema kwamba maunti itafunguliwa, ili asije akalazimisha bolti.

Mkanda mpya nao usomwe namba. Ikiandikwa 6PK1200, 6 ni idadi ya mistari na 1200 ni urefu kwa milimita. Nenda dukani na namba ya injini pamoja na mkanda wa zamani mkononi, uilaze miwili pamoja. Usikubali "huu utaingia tu". Mkanda mrefu kidogo huifikisha tenshena mwisho wa safari yake na kurudisha mlio uleule unaoukimbia, na nisingeshangaa ikiwa mmoja wa ile miwili yako ulikuwa hivyo.

Kabla ya kuuvalisha, weka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli mbili zinazofuatana. Rula igusane nazo sawasawa. Mwanya wa milimita mbili unatosha kuleta "chwi chwi", na mara nyingi chanzo ni altaneta iliyofungwa vibaya ilipotolewa kutengenezwa. Kisha uvalishe mkanda kwa kufuata picha zako, tenshena ishikwe kwa spana, na puli ya juu iwe ya mwisho. Pitisha kidole kwenye kila puli kuhesabu mistari: mstari mmoja ukining'inia nje ya mfereji, mkanda utachanika ndani ya muda mfupi. Toa spana na vitambaa vyote, rudisha waya wa betri, washa injini sekunde chache, zima, angalia tena mistari. Kisha washa tena, weka mizigo yote kama ulivyofanya wakati wa kupima, na unyunyize maji mara nyingine. Ikikaa kimya na maji, taa, feni na AC vikiwa pamoja, rudisha gurudumu na ukaze nati kwa mpangilio wa msalaba.

Asubuhi tatu za mwanzo fungua boneti kabla ya kuwasha, utazame kama kuna unga mweusi wa mpira karibu na puli. Unga kidogo siku ya kwanza hauna neno. Ukiendelea kuongezeka, puli moja bado haijanyooka, na utarudi kwenye rula.